Utafiti wa Hadhira: Kabla Jarida Halijapigwa Chapa

Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyesoma fasihi simulizi analielewa neno hadhira kuliko wahariri wengi. Fanani husimulia watu wakiwa mbele yake. Wakipiga miayo anafupisha, wakiitikia anaongeza chumvi. Mhariri wa jarida hana bahati hiyo, kwani hawaoni wasomaji wake. Utafiti wa hadhira ni kazi ya kuwajua watu hao kabla ya kuwaandalia chochote: ni akina nani, muziki wanaupata wapi, na jarida likishanunuliwa linapita mikononi mwa nani.

Wengine huuita utafiti wa soko. Siafiki. Soko ni wanunuzi, hadhira ni wasomaji, na kwa vijana wa miaka 13 hadi 19 mara nyingi hao si watu wale wale. Katika shule ya bweni, ambako simu ni marufuku, nakala moja iliyonunuliwa na mzazi itazunguka vitandani hadi jalada lichanike. Anayehesabu nakala zilizouzwa hajawahesabu wasomaji hao.

Tuseme mtu anataka kuanzisha jarida la muziki la vijana hapa Liwatoni, katika kisiwa cha Mombasa. Kishawishi ni kusimama barabarani alasiri na kugawa hojaji. Akifanya hivyo, sampuli yake itajaa wapita njia. Msichana wa Mji wa Kale anayetoka shule akaingia madrasa, na kufika nyumbani kabla ya magharibi, hatamwona kabisa. Wala mwenzake wa Likoni anayekimbilia feri. Hao wafuatwe waliko, kwa ruhusa ya mwalimu au ya nyumbani.

Halafu kuna swali lenyewe. Ukimuuliza kijana, "Unapenda muziki gani?" atakutajia kinachosifiwa na wenzake: bongo fleva, rapu, labda nyimbo za Susumila. Muulize badala yake, "Wimbo wa mwisho ulioimba jana ulitoka wapi?" Hapo ndipo utakuta kwamba nyimbo za taarabu za Juma Bhalo anazijua kwa moyo, kutoka arusini na kwenye redio ya bibi yake, ila hakudhani kwamba taarabu nayo inahesabiwa. Hojaji hutoa idadi. Sababu utazipata katika mjadala wa kikundi lengwa, vijana sita hadi wanane na msimamizi mmoja anayejua kunyamaza. (Huyo wa mwisho ni adimu.)

Lugha nayo ichunguzwe. Shujaaz, jarida la katuni lililoanza Kenya mwaka 2010, lilichagua Sheng, lugha ya mtaani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa vinywani mwa vijana liliowalenga. Kuihamisha Sheng ya Nairobi hadi kisiwani bila kuuliza ni kubahatisha. Toleo la majaribio la kurasa chache, likisomwa na vijana kwa sauti mbele yako, litakuonyesha wanapokwama na wanapocheka.

Na ikiwa utaandika majina au nambari za simu, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019: taarifa binafsi za mtoto, yaani yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, hazichukuliwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Itayarishe barua ya idhini kabla ya hojaji.