Sekunde Nane

Kwa miaka 38, serikali ya Marekani haikuruhusiwa kumlazimisha mtengenezaji wa magari aweke mlio wa mkanda unaodumu zaidi ya sekunde 8. Ukidhani kuna daktari au mhandisi aliyekaa akapima kwamba sekunde ya tisa haina faida, utakuwa umekosea. Namba hiyo ilizaliwa na hasira za madereva.

Mkanda wenyewe ulikuwa tayari umeshatatuliwa. Mwaka 1959 Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, alibuni mkanda unaoshika kifua na nyonga kwa pamoja, na kampuni yake ikawaachia watengenezaji wengine watumie ubunifu huo. Kuanzia 1968 magari mapya ya abiria Marekani yalitakiwa kuja na mikanda. Lakini kuwa na mkanda ni jambo moja, kuufunga ni lingine. Hakuna jimbo hata moja lililowalazimisha watu wazima kuufunga, na mwaka 1972 zaidi ya watu 54,000 walikufa barabarani nchini humo. Wanasiasa walipoogopa kumwamrisha mpiga kura, kazi hiyo wakaachiwa nyaya.

Hivyo magari mapya ya 1972 yakaja na taa na mlio mkali wa kudumu angalau dakika 1. Mtambo ulichoangalia ni kama mkanda umevutwa kutoka kwenye kikunjio chake, basi. Watu wakaugundua udhaifu huo upesi: wakauvuta mkanda, wakaupiga fundo, wakaukalia. Leon Robertson na William Haddon walipochunguza madereva barabarani, hawakukuta tofauti ya maana kati ya magari yenye mlio na yasiyo nao. Wahenga walishasema: sikio la kufa halisikii dawa.

Serikali ikaona ikaze kamba. Wakati huo palikuwa na mpango wa kulazimisha mifuko ya hewa, ambao kampuni za magari hazikuutaka. Aprili 1971, Henry Ford II na Lee Iacocca walikwenda Ikulu kumlalamikia Rais Nixon kuhusu kanuni za usalama, na mazungumzo yao yakabaki kwenye kanda zilezile za siri ambazo baadaye zilimponza rais mwenyewe. Mifuko ya hewa ikaahirishwa. Badala yake, magari ya mwaka wa modeli 1974 yakafungwa kifaa kilichozuia injini kuwaka mpaka waliokaa mbele wafunge mikanda.

Safari hii fundo halikufua dafu. Kifaa kilidai utaratibu: kaa kwanza, kisha funga, ndipo uwashe. Shida ni kwamba kilipima uzito, na uzito hauna jina. Mfuko wa vyakula kwenye kiti cha mbele ulihesabika kuwa abiria. Mbwa naye alihesabika. Mtu aliyetaka tu kusogeza gari lake uani alilazimika kujifunga kama anayesafiri. Kifaa kilipoharibika, dereva alipaswa kushuka, kufungua boneti na kubonyeza kitufe kilichowekwa humo ili apate kuwasha gari mara moja. Hebu fikiria kufanya hivyo usiku, kwenye mvua.

Barua za malalamiko zikamiminika kwa wabunge. Louis Wyman, mbunge kutoka New Hampshire, akaongoza kampeni ya kukiondoa kifaa hicho, na tarehe 27 Oktoba 1974 Rais Gerald Ford akatia saini sheria iliyopiga marufuku kukilazimisha. Kwa kuwa hasira zilikuwa bado zimepanda, wabunge waliugeukia na mlio, wakauwekea ile mipaka ya sekunde 8.

Ni rahisi kuwacheka. Lakini lalamiko lao lilikuwa na kiini cha haki: gari ulilolinunua kwa fedha zako likikataa kuwaka kwa sababu ya mfuko wa viazi, umedhulumiwa. Kosa lilikuwa kuutupa mlio pamoja na kifaa. Kifaa kilimnyima dereva uamuzi; mlio ulimkumbusha tu kwamba bado hajaamua. Na wengi wasiofunga mkanda hawana itikadi yoyote. Wamesahau, au wanakwenda hapo karibu.

Hilo lilionekana baadaye. Kwa modeli za mwaka 2000, kampuni ya Ford ilianza kwa hiari yake kuweka mlio unaokatika na kurudi kwa dakika kadhaa. Insurance Institute for Highway Safety ilipowahesabu madereva wa Ford, ilikuta waliofunga mikanda ni asilimia 71 katika magari yasiyo na mlio huo, na 76 katika yaliyo nao. Mwaka 2012 Bunge likaufuta ukomo wa sekunde 8.

Watu watano katika kila mia. Leo kuna vishikizo bandia vinavyouzwa ili kuziba mdomo wa mlio, na hata kwetu wapo wanaochomeka mkanda kwanza kisha wakaukalia, ujanja uleule wa 1972. Hao hakuna mlio utakaowashawishi. Mlio unawatafuta wale watano, ambao hawakuwa wakibishana na mtu yeyote. Wakishajifunga hunyamaza, na wao wala hawaukumbuki tena.