Mara ya Saba: Historia ya Pinboli Kupitia Stima Yake

Mashine ilifika dukani kwa mjomba ikiwa imefungwa kwa blanketi mbili, miguu yake minne imefunguliwa na kuwekwa kando. Mwenyewe alikuwa ameishi Marekani miaka mingi, na aliporudi nyumbani akaipakia kwenye kontena pamoja na friji na makochi. Mjomba hutengeneza redio na amplifaya hapa River Road. Pinboli hakuwa amewahi kuigusa. Mimi nilikuwa nimeacha chuo miezi miwili kabla, mwaka wa pili wa uhandisi wa umeme, na kazi yangu pale dukani ilikuwa kushika tochi.

Kama hujawahi kuiona, pinboli ni meza iliyoinama yenye kifuniko cha kioo. Kipira cha chuma kinateremka kikigonga hiki na kile, pointi zinapanda, na wewe unakizuia kisitumbukie chini kwa vibawa viwili unavyovifyatua kwa vitufe vya pembeni. Hii yetu ilikuwa Eight Ball, iliyotengenezwa na kampuni ya Bally ya Chicago mwaka wa 1977. Tulipoiwasha, taa za mapambo ziliwaka vizuri tu. Mchezo ukakataa kuanza.

Mwenyewe alikuwa na uhakika kwamba ubongo umekufa, yaani bodi ya kompyuta. Alikuwa ashaanza kuuliza bei ya nyingine. Mjomba akamwambia, "Kabla hujasema mtoto ni mjinga, uliza kwanza kama amekula."

Historia nzima ya pinboli iko kwenye hiyo sentensi. Mwaka wa 1931, Gottlieb, kampuni nyingine ya Chicago, ilitoa Baffle Ball, mchezo uliopendwa sana wakati Wamarekani walikuwa hawana pesa. Ndani yake hakukuwa na stima hata kidogo. Ilikuwa misumari, springi na mteremko. Mashine kama hiyo haiwezi kukosa volti, kwa sababu haikuzihitaji.

Miaka miwili baadaye, Harry Williams akatoa Contact. Mpira ukiingia kwenye shimo, koili inapata stima na kuurusha nje tena. Stima hiyo ilitoka kwa betri. Watu walishangaa, lakini kuanzia siku hiyo mashine ilikuwa na tumbo, na tumbo huisha chakula. Betri zikaachwa, transfoma za kuchomekwa ukutani zikachukua nafasi. Mwaka wa 1947 Gottlieb wakatoa Humpty Dumpty, ya kwanza kuwa na vibawa vya kufyatuliwa kwa koili. Vilikuwa sita.

Mashine za enzi hiyo zilitumia relei na swichi za shaba. Stima ikipungua zilichoka kama mzee: taa zinafifia, kibawa kinainuka polepole, kengele inalia kwa unyonge. Unaona kabisa kwamba nguvu hakuna. Fundi alisafisha swichi, akaangalia transfoma, akaenda nyumbani.

Wakati wote huo, serikali nyingi za miji ziliona pinboli ni kamari. New York iliipiga marufuku mwaka wa 1942, polisi wakazivunja kwa nyundo. Hata Chicago, zilikozaliwa, zilikatazwa. Mwaka wa 1976 kijana mwandishi, Roger Sharpe, aliitwa mbele ya madiwani wa New York kuonyesha kwamba mchezo huu ni ustadi. Mashine mbili zililetwa, ya pili ikiwa akiba, just in case ya kwanza iharibike. Madiwani wakamtaka acheze ile ya akiba. Akataja njia ambayo mpira utapita, akauachilia, ukapita hapo hapo. Marufuku ikaondolewa.

Mwaka uliofuata kompyuta ikaingia kwa nguvu, na tabia ya ugonjwa ikabadilika. Eight Ball iliuzwa zaidi ya mashine 20,000, na kila moja ilihitaji vyakula kadhaa kwa wakati mmoja: volti 43 za koili, karibu 6 za taa, 12 na 5 za bodi, na 190 za namba za pointi zinazong'aa rangi ya chungwa. Hizo 190 hazina mchezo, zitakurusha. Lakini msumbufu zaidi ni ile 5. Kompyuta haichoki polepole. Ikikosa kidogo, inazimia, na anayeitazama anadhani imekufa.

Hata The Addams Family ya 1992, iliyovunja rekodi ya Eight Ball, ina ugonjwa huo ikizeeka. Unapiga vibawa vyote viwili kwa pamoja, koili zinavuta stima, ile 5 inateremka kidogo, na mashine inajiwasha upya pointi zako zikipotea. Watu wamenunua bodi mpya kwa shida ya rektifaya iliyochoka, kapasita iliyokauka au plagi iliyoungua.

Mjomba hakujua lolote kati ya haya. Alianza ukutani. Akapima stima ya duka, kisha kile kipunguza volti cha kutoka 240 hadi 120, kisha akazima, akachomoa plagi za bodi, akawasha tena na kupima kinachotoka kwenye transfoma na rektifaya, kimoja kimoja. Mimi nikasoma kitabu cha mashine. Kiliandika kwamba ikiwashwa, kitaa kidogo chekundu kwenye bodi humulika kidogo, halafu kinapepesa mara saba. Kila mara ni jaribio limepita.

Tukarudisha plagi, tukahesabu. Sita.

La saba husubiri zile volti 43. Fyuzi yake ilikuwa imekatika. Nilitaka kuweka nyingine haraka, mjomba akanishika mkono. "Fyuzi haijiui." Tukatafuta, tukapata waya wa koili uliochubuka ukigusa chuma. Ubongo ulikuwa mzima siku zote. Ulikuwa unasubiri.

Nilipoacha chuo, wengi nyumbani walisema kichwa changu hakikuwa cha chuo. Mkufunzi mmoja alisema hivyo pia. Ni kweli nilifeli, sitaki kudanganya. Ni kweli pia kwamba muhula huo nilikuwa naingia maabara saa mbili asubuhi sijala tangu jana mchana, na karo haijalipwa. Hakuna aliyepima hapo. Mjomba peke yake ndiye aliniuliza, siku ya kwanza nilipofika dukani, kabla hata ya salamu kuisha: "Umekula?"

Tukaweka fyuzi ya ukubwa ule ule. Akawasha, na nikahesabu kwa sauti.