Nani Alifua Jezi?

Historia ya mpira wa nchi hii imeandikwa na wafungaji wa magoli. Kaa kijiweni hapa Kewanja, Nyamongo, uulize nani alifunga katika mechi fulani ya Simba na Yanga. Watu watano watakujibu kwa mpigo, na watatu kati yao watagombana. Sasa uliza nani alifua jezi za siku ile, nani alipika kambini, nani alilinda geti hadi usiku wa manane. Kijiwe kizima kitakutazama kama mgeni aliyepotea njia. Mimi nimeamua kuuliza, maana swali hilo lina ngawira ndani yake, na wenye haki nayo hawajaiona.

Tuanze mwanzo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka 1936 ikazaliwa timu ambayo, baada ya kuitwa majina kadhaa likiwemo Sunderland, ilipewa jina la Simba mwaka 1971. Zote mbili zilikuwa klabu za wanachama. Aliyekuwa na shilingi alitoa shilingi, asiyekuwa nayo alitoa nguvu zake. Kazi nyingi zilifanywa kwa kujitolea, na neno hilo lilikuwa la heshima.

Msidhani watu wa Dar es Salaam wa zama zile hawakujua kudai haki. Septemba 1947 makuli wa bandarini waligoma wakitaka nyongeza, na mgomo ukasambaa hadi mikoani. Mbele ya mwajiri hawakuwa na aibu. Lakini mbele ya klabu mtu hakudai, kwa sababu klabu ilikuwa yake na ilikuwa maskini kama yeye. Huwezi kumdai mshahara ndugu yako mnayelala naye njaa. Hata mwaka 1974, Simba na Yanga zilipokutana Nyamagana, Mwanza, katika ile mechi ambayo wazee wa Kanda ya Ziwa wanaisimulia mpaka leo (Yanga ilishinda 2-1), mshabiki aliyebeba mabegi ya timu alihesabu kubeba kwenyewe kuwa ndiyo malipo.

Kulikuwa na njia nyingine pia. Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, Ushirika ya Moshi, Pamba ya Mwanza: majina tu yanakwambia nani alikuwa nyuma ya timu. Katika timu za mashirika, mchezaji mara nyingi alikuwa mwajiriwa wa shirika, na aliyewahudumia wachezaji aliweza kuwa karani au mhudumu wa shirika hilohilo. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa na tarehe. Miaka ya 1990 mashirika yalipoanza kubinafsishwa na mengine kufa, timu nyingi za aina hiyo zilididimia. Ukabaki ule mfumo wa kujitolea.

Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Ilitoka suluhu na Stella kule Abidjan, halafu ikafungwa 2-0 hapa Dar es Salaam. Inasimuliwa mpaka leo kwamba kila mchezaji aliahidiwa gari kama kombe lingebaki. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi, bwana. Katika masimulizi yote hayo sijasikia mpishi wala dobi aliahidiwa nini.

Halafu fedha zikaja kwelikweli. Desemba 2017 Mohammed Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni ya kuwekeza Simba kwa shilingi bilioni 20, wanachama wakibaki na asilimia 51. Juni 2021 wanachama wa Yanga nao walipitisha mabadiliko ya mfumo. Mwaka huohuo wa 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa haki za matangazo ya ligi, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Leo klabu ina mtendaji mkuu, ina wadhamini, ina hisa. Yule ndugu tuliyelala naye njaa amenunua basi lenye kiyoyozi. Je, bado tumsukumie gari bure?

Hebu tupige hesabu. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alianza kununua kila goli la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika kwa shilingi milioni 5. Machi 18 mwaka huo Simba iliifunga Horoya ya Guinea magoli 7-0. Hizo ni milioni 35 kwa usiku mmoja. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliorodhesha kilimo, afya, madini, ulinzi binafsi, kazi za nyumbani na nyinginezo. Michezo haikuwa na fungu lake. Ambaye sekta yake haikutajwa aliwekwa kwenye "sekta nyingine", shilingi 150,000 kwa mwezi. Mtu wa kima hicho angefanya kazi zaidi ya miaka 19 ili apate milioni 35. Siwaonei wivu wafungaji, walistahili. Ninasema tu kwamba zile jezi zilizochafuka kwa magoli saba, kuna mtu alizifua.

Kweli, Serikali imepandisha tena. Kuanzia Januari 1, 2026, wastani wa kima cha chini katika sekta binafsi uliongezwa kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na kila saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Lakini sheria inamshika mkono mwenye ajira. Anayeitwa "mwenzetu", "mpenzi wa timu" au "kijana wetu pale klabuni", atapeleka wapi madai yake? Neno zuri la kujitolea ndilo linalogeuka kufuli.

Jamaa mmoja kijiweni aliniambia, "Kwani watu wanalipa kiingilio kumwangalia mfua jezi?" Hapana. Wala hakuna anayetaka alipwe kama mshambuliaji. Tunachotaka ni mkataba ulioandikwa, mshahara wenye tarehe, na makato ya NSSF yanayofika NSSF.

Wale tunaojazana vibanda umiza kuangalia timu za Uingereza, tuangalie na hili. Mwaka 2001 wakazi wa London Mashariki walianza kampeni ya kudai mshahara unaomwezesha mtu kuishi, sio kile kima cha sheria tu. Desemba 2014 Chelsea ikawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu yao kuidhinishwa katika mpango huo. Wakati ule kiwango cha London kilikuwa pauni 9.15 kwa saa, wakati kima cha sheria kilikuwa pauni 6.50. Na mpango huo unawahesabu pia wafagizi na walinzi walioletwa na mkandarasi. Aprili 2020, wakati wa korona, Liverpool ilitangaza kuwaweka baadhi ya wafanyakazi wasio wachezaji kwenye mfuko wa serikali. Mashabiki wakaja juu, na baada ya siku mbili klabu ikaomba radhi na kufuta uamuzi. Mashabiki, ndugu zangu! Watu kama sisi.

Neno mkandarasi hatuhitaji kufundishwa sisi wa Kewanja. Mgodi wa North Mara umekuwa ukitoa dhahabu tangu mwaka 2002, na mtoto wa hapa anakua akijua kwamba utajiri unaweza kuwa jirani yako wa ukuta kwa ukuta bila kuingia jikoni kwako. Ndiyo maana nikiona klabu tajiri na mlinzi maskini getini, sihitaji ramani.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Mwenye kadi ya uanachama asimame kwenye mkutano mkuu aulize swali moja: wafanyakazi wetu wa chini wana mikataba? Asiyejibiwa aulize tena mwaka unaofuata. Na sisi tunaojifunza kuandika, tuache kufukuzana sote nyuma ya mfungaji mmoja. Twende mlango wa nyuma wa uwanja mechi ikiisha, pale mabeseni yanapotolewa. Kuna watu pale wenye historia ya miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuwauliza.