Maneno ya Maabara: Historia Fupi ya Istilahi za Jaribio na Usalama

Gerezani na jirani yake Kariakoo, katikati ya jiji la Dar es Salaam, ni mfano mzuri wa namna maneno yanavyohama makazi yake. Neno gereza limetoka katika Kireno, ambako asili yake ni jina la kanisa. Lilipofika pwani yetu likawa ngome, kisha likawa jela. Kariakoo nalo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Mabadiliko ya namna hii hayamdhuru mtu. Lakini katika maabara ya shule neno lisilo na mipaka laweza kumpotosha mwanafunzi, na pengine kumwunguza. Kwa sababu hiyo historia ya istilahi za maabara yafaa kuchunguzwa.

Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, shabaha yake kubwa ilikuwa kusanifisha tahajia, sarufi na vitabu vya shule. Sayansi haikuwa na nafasi kubwa. Hali ilibadilika baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Katika mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Basi mwalimu wa sayansi alihitaji maneno ya kutumia darasani bila kuchelewa. Baadhi yalipatikana katika Kiswahili chenyewe, mengine yakachukuliwa kutoka lugha za kigeni na kuandikwa kwa sauti zetu: asidi, oksijeni, haidrojeni. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia.

Hata hivyo, kuwa na orodha ya maneno si kumaliza kazi. Tutazame neno jaribio. Katika matumizi ya kila siku, jaribio ni juhudi ya kutenda jambo, au mtihani mdogo wa darasani. Na majaribu ni misukosuko ya maisha. Katika sayansi, jaribio ni jambo jingine: ni ulinganisho uliopangwa makusudi, ambamo kitu kimoja tu hubadilishwa na vingine vyote huachwa sawa.

Kisa mashuhuri cha nchini mwetu chatusaidia kuliona jambo hili. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, alitia katika jokofu maziwa yenye sukari yakiwa bado ya moto. Mwenzake alitia maziwa ambayo hayakuchemshwa. Ya Mpemba yakaganda kwanza. Alipomwuliza mwalimu wake, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye akaagiza swali hilo lipimwe kwa maji. Makala yao ilichapishwa mwaka 1969.

Ndugu msomaji na aangalie tofauti. Yale ya Magamba yalikuwa tukio la kustaajabisha, lakini maziwa mawili yale yalitofautiana kwa mambo zaidi ya moja: joto, na kuchemshwa au kutochemshwa. Ili liwe jaribio, ilibidi kioevu kiwe kimoja, kiasi kiwe sawa, vyombo viwe sawa, na joto la kuanzia pekee litofautiane. Na hata hapo ubishi haukwisha. Mwaka 2016 Burridge na Linden walionyesha kwamba mahali kipimajoto kinapowekwa, hata pakitofautiana kidogo tu, paweza kuleta matokeo ya uongo.

Hapa ndipo istilahi inapotakiwa. Kile kinachobadilishwa huitwa kigeu, na neno hilo latosha. Tatizo liko katika kidhibiti. Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo mawili: masharti yanayoshikiliwa yasibadilike, na chombo cha pili kinachowekwa kando ili tulinganishe. Wafasiri wetu wakifuata njia hiyo, mwanafunzi hudhani chombo cha pili kina kazi ya kuzuia kitu, kama kidhibiti mwendo katika basi. Hatulazimiki kurithi utata wa wengine. Napendekeza masharti yaitwe vigeu vilivyodhibitiwa, na chombo cha pili kiitwe kilinganishi, kwa kuwa kazi yake ni kulinganisha.

Upande wa usalama, jambo ni zito zaidi. Asidi ya vitabuni na tindikali ya magazetini ni kitu kimoja, lakini si kila mwanafunzi ajuaye hivyo. Aliyezoea kusikia maji ya betri katika karakana za magari aweza kudhani ni maji kweli. Tena sarufi yenyewe ina mtego. Twasema "tia chai sukari" tukimaanisha sukari iingie katika chai. Kwa kanuni hiyo, "tia maji asidi" ni agizo la salama, na "tia asidi maji" ni agizo la hatari. Kwa kuwa maji yakimiminwa juu ya asidi kali ya salfa, joto kubwa hutokea, maji huchemka ghafla na kurusha asidi usoni. Maneno ni yale yale matatu, mpangilio tu ndio uliogeuka. Hapana budi mfasiri aandike kwa ukamilifu: "Mimina asidi polepole ndani ya maji; usimimine maji ndani ya asidi." Robert Bunsen, ambaye jina lake limo katika kichomeo cha kila maabara, alipoteza uwezo wa kuona wa jicho moja katika mlipuko wa mwaka 1843, naye alikuwa bingwa.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari, lakini Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na Kiingereza kikabaki. Walimu wengi waliendelea kufafanua kwa Kiswahili yale yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo, lugha yoyote iwayo rasmi, onyo la usalama lapasa kufika katika lugha ambayo mwanafunzi huitumia anaposhtuka. Mwalimu aandike asidi na tindikali pamoja juu ya chupa. Mtumishi wa ofisi ya vitabu akatae agizo lenye maana mbili. Na mfasiri, kabla ya kupeleka kazi yake mtamboni, amsomee mtu asiyejua kemia, kisha amwulize ni kipi kitaingia katika kipi.