Uwanja wa Concorde msituni

Kwenye kikundi chetu cha vijana hapa kambini kuna maneno yanarudi kila mara: "Mobutu alau alijenga." Wanaoyasema hawakuishi wakati wake, na mimi pia sikuishi. Basi tuangalie alijenga nini, na alimjengea nani.

Gbadolite ilikuwa kijiji tu, kaskazini mwa Kongo, karibu na mto Ubangi. Ndiko kwenye asili ya familia yake. Baada ya kuchukua madaraka mwaka 1965 alikigeuza mji: majumba ya marumaru, hoteli, na uwanja wa ndege wenye njia ya zaidi ya kilomita 3. Njia ndefu hivyo ya nini, kijijini? Ya Concorde, ile ndege iliyopita kasi ya sauti mara mbili, ambayo rais alikuwa anaikodi kutoka Air France kwa safari zake. Ilibeba watu kama 100. Muhogo haikubeba.

Sasa barabara. Mwaka 1960 Wabelgiji waliacha zaidi ya kilomita 100,000, nyingi za udongo. Tusiwasifu, zililimwa kwa shuruti, fimbo mgongoni. Lakini zilipitika. Barabara ya udongo haitaki marumaru, inataka kazi ndogo kila mwaka: kuzibua mitaro, kufyeka majani, kubadili mbao za daraja. Pesa ya kazi hiyo haikufika vijijini. Kilichofika ni salongo, kazi ya lazima isiyo na malipo. Mzee mmoja wa Fizi, jirani yetu hapa, anasema: "Jembe ni langu, jasho ni langu, na lori la kokoto sikuliona hata moja." Mtaro ukiziba msimu mmoja tu, barabara inageuka mto. Lori linalala kwenye tope wiki nzima, mahindi yanaoza, na chumvi inapanda bei. Yaani anayelipia uwanja ule ni mama wa sokoni, kilomita 1,000 kutoka Gbadolite.

Mwaka 1996 AFDL walianzia huku mashariki, wakaivuka nchi, wengi kwa miguu na gambuti zao. Mei 1997 walipoikaribia Kinshasa, Mobutu alikimbilia Gbadolite, akaondokea kwenye njia ile ile kwa ndege ya mizigo. Askari wake wenyewe, kwa hasira ya kuachwa, waliipiga risasi ikiruka. Wakati huo watu wengi wa Fizi na Uvira walikuwa wameshavuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi.