Chumvi iliyofichua minyoo ya mbuzi

Mvua zikishakolea huku kwetu, ndipo mbuzi huonekana amepauka macho, amevimba chini ya taya, na mwenyewe anakimbilia duka la dawa za mifugo. Dawa inanunuliwa kwa kukisia. Muuzaji anakisia, na mnunuzi naye anakisia. Leo nakusimulia jinsi watu walivyoacha kukisia, maana njia yenyewe ni rahisi na vifaa vyake si vya ajabu.

Adui mkubwa wa mbuzi na kondoo katika nchi za joto ni mnyoo anayefyonza damu katika tumbo la nne. Mtaalamu Karl Rudolphi alimpa jina la kitaalamu mwaka 1803, contortus, maana yake aliyesokotwa. Jina la mbele, Haemonchus, lilikuja 1898. Ukimpasua mbuzi utamwona jike wake, sentimita 2 hadi 3, ana mistari myekundu na myeupe iliyojisokota kama kamba. Ule wekundu ni damu ya mbuzi wako. Shida ni kwamba ili umwone hivyo, mbuzi awe ameshakufa au ameshachinjwa.

Kwa mbuzi aliye hai kilichobaki ni kinyesi. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku, lakini ni madogo mno, tena yamejificha katikati ya mabaki ya majani. Mwaka 1921 H. H. Willis alieleza katika jarida la kitabibu la Australia namna ya kuyatoa. Yeye alikuwa anatafuta minyoo ya safura kwa binadamu. Koroga kinyesi katika maji yaliyokolezwa chumvi mpaka chumvi ikakataa kuyeyuka, na mayai yataelea juu, uchafu mwingi ukizama. Jaribu na yai la kuku: kwenye maji ya kisima linazama, kwenye chumvi iliyokolea linaelea.

Kujua kwamba mayai yapo hakutoshi, kwa sababu mbuzi wengi wa kijijini wana minyoo kiasi na wanaishi nayo. Swali ni mingapi. Jibu lilitoka Sydney mwaka 1939, pale Gordon na Whitlock walipotengeneza kioo chenye vyumba viwili vilivyochorwa mistari. Unapima kinyesi, unapima maji, unajaza vyumba, unahesabu chini ya hadubini. Kwa vipimo vinavyotumika sana, kila yai unaloliona linawakilisha mayai 50 katika gramu moja ya kinyesi. Kioo kinaitwa McMaster, jina la maabara yao, nayo ilipewa jina la mfugaji wa kondoo aliyetoa fedha za kuijenga. Hilo hunifurahisha kila nikikishika.

Kuna kikomo, na muuzaji wa dawa akuelewe hapa. Mayai ya minyoo mingi ya mviringo ya tumboni hufanana kama punje za mpunga wa gunia moja. Baadhi hujitofautisha, kama lile la Trichuris lenye umbo la limau na kizibo kila ncha. Mengine lazima maabara iyaatamie kwa takriban siku 7 hadi yatoe viluwiluwi, ndipo aina ijulikane.

Kwa nini usumbuke hivyo? Mwaka 1961 ilitoka dawa mpya, thiabendazoli, iliyosifiwa kila mahali. Kufikia 1964 ilisharipotiwa Marekani kwamba Haemonchus wa kondoo walikuwa wanaponea dawa hiyo. Miaka mitatu tu! Albendazoli unayoinunua leo ni ya ukoo huohuo.

Macho yaliyopauka peke yake yasikudanganye. Chati ya rangi za kope iliyobuniwa Afrika Kusini husaidia sana, ila bonde la Ruvuma lina mbung'o, na nagana nayo hupausha macho. Dawa ya minyoo haitibu nagana.

Kwa hiyo kabla ya kunywesha, chukua kinyesi moja kwa moja kutoka kwenye njia ya haja, mkono ukiwa ndani ya mfuko safi wa plastiki. Usiokote chini. Gramu 5 kwa mbuzi zinatosha. Chagua mbuzi kadhaa, hasa wadogo na waliokonda. Geuza mfuko, toa hewa, funga, andika alama ya mbuzi na tarehe. Weka mahali pa baridi lakini usigandishe, na ufikishe siku hiyohiyo, kwani kwa joto la Mtwara mayai huanguliwa upesi na hesabu inaharibika. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Mtwara mjini; ukiwa mbali, anza kwa afisa mifugo wa kata.

Baada ya dawa, rudisha sampuli za mbuzi walewale siku ya 10 hadi 14. Kama mayai hayakupungua kwa asilimia 95 hivi, usiongeze dozi kwa hasira. Kwanza angalia kama ulipima uzito, kama dawa haijapitwa na muda, kisha mwambie mtaalamu akuchagulie dawa ya ukoo mwingine.