Tope la Rotterdam: sumu iliyoletwa na mto

Bandari ya Rotterdam nchini Uholanzi iko mahali Mto Rhine unapokaribia Bahari ya Kaskazini. Kila mwaka mamilioni ya mita za ujazo za tope huchotwa humo ili meli kubwa zisikwame. Zamani tope hilo lilimwagwa baharini au kutandazwa nchi kavu, hadi ilipobainika kuwa limebeba zebaki, kadimiamu, risasi na zinki.

Metali nzito haziozi. Hushikamana na chembe laini za udongo na kutulia pale maji yanapopunguza kasi, yaani bandarini. Sehemu kubwa ya sumu hiyo ilitoka viwandani mbali juu ya mto, Ujerumani ikiwamo, lakini mzigo wa kuizoa uliiangukia Rotterdam.

Mwaka 1987 lilianza kutumika Slufter, bwawa la pwani lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 150 za tope chafu. Hilo lilikuwa kaburi, si tiba. Hatua yenye uzito zaidi, kwa maoni yetu, ilikuwa kuwafuata wachafuzi wenyewe: tangu katikati ya miaka ya 1980 jiji lilifuatilia uchafu hadi kwenye mabomba ya viwanda, likaonya kwamba lingekwenda mahakamani, kisha likafunga mikataba na kampuni kadhaa zilizokubali kupunguza metali walizomwaga mtoni.

Leo sehemu kubwa ya tope la Rotterdam ni safi kiasi cha kuruhusiwa kurudishwa baharini, na Slufter limejaa polepole kuliko ilivyotarajiwa.